Wakf Iliyojenga Mji



Akikujaalia Mwenyezi Mungu siku moja ukafika Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, utaona mambo mawili yatakayokukumbusha kwenu. La kwanza ni mnara wa saa ulio kando ya msikiti mkubwa wa mji wa zamani. Saa za nchi za Ulaya huhesabiwa kuanzia usiku wa manane, lakini saa ile huhesabiwa kuanzia kuchwa kwa jua. Jua likizama na mwadhini akaita kwa sala ya Magharibi, mishale ya saa huonyesha kumi na mbili, kama tunavyohesabu sisi watu wa pwani. La pili ni soko lake. Utapita katika vichochoro vya mawe, kulia wafua shaba, kushoto wauza mazulia, mpaka uingie katika soko refu la mawe lenye mapaa ya kuba, ambalo wenyewe huliita bezistan. Soko hilo halikujengwa na serikali kwa kodi za watu, wala halikujengwa na tajiri ili ajaze kisanduku chake. Lilijengwa kwa mali ya wakf, na mtu aliyeweka wakf ile alifariki mwaka 1541.

Basi jiulize pamoja nami: imekuwaje mali ya mtu aliyekufa karibu miaka mia tano iliyopita ikawa mpaka leo inawasomesha watoto, inahifadhi vitabu na kuwapa watu mahali pa kuchumia riziki? Na imekuwaje huku kwetu nyumba iliyowekwa wakf na babu zetu tunaowajua kwa majina, leo paa lake linavuja na hapana anayejua kodi yake inakwenda wapi? Haya ndiyo nitakayo tuyazungumze.

ASILI YA JAMBO LENYEWE

Wakf si jambo la Waturuki wala la Wabosnia. Limeanza Madina. Sayyidna Umar (r.a.) alipata shamba zuri sana huko Khaybar, akamwendea Mtume wetu (s.a.w.) kumtaka shauri alifanyie nini. Akaelekezwa kwamba akipenda aizuie ile ardhi yenyewe na ayatoe sadaka matunda yake. Sayyidna Umar akafanya hivyo: shamba lisiuzwe, lisipewe mtu, lisirithiwe, na mapato yake yawaendee mafukara, jamaa, wasafiri, wageni na watumwa wanaotaka kujikomboa. Akaruhusu pia kwamba anayelisimamia ale kwa kadiri ya haki, bila ya kujilimbikizia mali. Na katika wasia wake akamtaja binti yake, bibi Hafsa (r.a.), kuwa ndiye msimamizi baada yake. Tena Sayyidna Uthman (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma katika Madina ile ile, akakiachia Waislamu wanywe bila ya malipo.

Zingatia, ndugu yangu, hekima iliyomo humu. Mtu akitoa shilingi mia kumpa maskini, maskini yule hula leo na kesho amerudi mlangoni. Sadaka yake ni nzuri na thawabu zake zipo, lakini imekwisha. Mwenye kuweka wakf hufanya jambo jingine. Hulishika shina na kuyatoa matunda, ikawa maskini wa leo amekula, na mjukuu wa maskini yule, ambaye hajazaliwa, naye amewekewa fungu lake. Kwa sharti moja tu: shina liwe hai. Mti ukikauka hakuna matunda. Hilo sharti ndilo Sarajevo walilolishika.

MJI ULIOANZA NA DARAJA

Karne ya 15 bonde la mto Miljacka lilikuwa na vijiji na soko dogo tu. Hapakuwa na mji wa kutajwa. Liwali wa Kituruki aliyeitwa Isa-beg Ishaković alijenga huko jumba lake la utawala. Kwa Kituruki jumba kama hilo huitwa saray, na ndiyo asili ya jina Sarajevo. Lakini jumba la liwali halijengi mji. Miji mingapi imekuwa na majumba ya wakubwa, na leo ni magofu yenye popo?

Mji ulijengwa na hati ya wakf aliyoiandika Isa-beg mwaka 1462. Soma vitu alivyovitaja, utamjua kuwa ni mtu wa akili. Alijenga zawiya yenye mahali pa kufikia wasafiri na maskini, wakapata chakula. Kisha akajiuliza: chakula hicho kitatoka wapi nikifa? Akaweka wakf nyumba ya wageni wa biashara, maduka, hamamu ya kuogea na mashine za kusagia nafaka zilizozungushwa kwa maji ya mto. Na juu ya mto akaweka daraja.

Tazama jinsi kimoja kinavyokivuta kingine. Daraja likawaleta watu kutoka ng'ambo. Wafanya biashara wakapata pa kulala na pa kufunga farasi wao. Aliyelala akahitaji kuoga, kula, na kutengeneza tandiko lililokatika. Basi fundi wa ngozi akaja kupanga duka, mwoka mikate akaja, mfua chuma akaja. Kodi zao zikaenda kwenye wakf, na wakf ikampikia maskini. Maskini yule, kama ana nguvu, akapata kazi katika yale yale maduka. Watu walifuata riziki na usalama, wakajenga nyumba, na kila penye nyumba chache akatokea mtu wa kuweka msikiti mdogo na chuo cha watoto. Mitaa mingi ya Sarajevo ilizaliwa hivyo, mtaa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kando ya msikiti wake.

GHAZI HUSREV-BEG

Mtu aliyeikuza kazi hii akaipita mipaka ya wenziwe ni Ghazi Husrev-beg. Alizaliwa yapata mwaka 1480 katika mji wa Serez, ulio Ugiriki ya leo. Mama yake, bibi Seljuka, alikuwa binti wa Sultani Bayazid wa Pili. Alifanywa liwali wa Bosnia mwaka 1521, na isipokuwa kwa vipindi vifupi, alikaa katika kazi hiyo mpaka alipokufa mwaka 1541. Wala tusimpambe mtu kwa sifa asizokuwa nazo. Alikuwa jemadari wa vita, na mali yake ilitokana na cheo chake na vita vyake. Lakini wangapi walipata cheo kama chake na ngawira kama zake, na leo hata makaburi yao hayajulikani? Tunalotaka kujifunza kwake ni alivyoitumia mali, si alivyoipata tu.

Alijenga msikiti mkubwa uliokwisha kiasi cha mwaka 1530, na hati yake ya kwanza ya wakf akaiandika mwaka 1531. Kando ya msikiti akaweka jiko la umma la kuwapikia mafukara, nyumba ya kufikia wageni, na chuo cha watoto. Akayaleta maji kwa mabomba kutoka chemchemi ya Crnil, mwendo wa kiasi cha kilomita saba, yakafika uani mwa msikiti na kwa watu wa mji. Mwaka 1537 akaandika hati ya madrasa aliyoijenga kwa kumkumbuka mama yake, ndiyo maana ikaitwa kwa jina lake. Katika hati ile alitaja elimu za kusomeshwa, tafsiri, hadithi, sharia na nyinginezo, kisha akaongeza kwamba na pia isomeshwe elimu nyingine yoyote itakayohitajiwa na desturi na mahali. Mtu wa mwaka 1537 aliwaachia mlango wazi watu asiowajua! Na akaamrisha kwamba fedha zitakazobaki katika gharama za ujenzi zinunuliwe vitabu. Masalio yale ndiyo yaliyozaa maktaba ambayo leo ina hati za mkono zaidi ya 10,000.

Sasa njoo kwenye jambo lenyewe. Je, msikiti, jiko, maji na madrasa vinazalisha nini? Havizalishi hata senti moja. Vyote vinakula. Imamu ana mshahara, mwalimu ana mshahara, mpishi anataka mchele na nyama, bomba likipasuka linataka fundi. Husrev-beg alilijua hilo, na kwa hivyo kila alipojenga kitu cha kula, alijenga na kitu cha kukilisha. Aliweka wakf maduka mengi, ardhi na hamamu. Na kutokana na mali ya wakf yake, karne hiyo hiyo ya 16, kukajengwa lile soko la mawe na nyumba kubwa ya mawe ya kufikia wafanya biashara, iliyoitwa Tashlihan. Msimamizi wake wa kwanza alikuwa Murat-beg Tardić, mtu wake wa karibu aliyemwamini, naye hakukaa kungojea kodi tu. Aliyaendeleza majengo hata baada ya bwana wake kufariki.

Nyumba nyingine ya wakf hiyo, iitwayo Morića Han, iliweza kulaza watu wapatao 300 na farasi 70. Hebu fikiria mapato yanayoachwa mjini na watu 300 katika usiku mmoja! Na wapangaji hawakuulizwa dini zao. Mwaka 1581 waziri mwingine, Siyavush Pasha, aliweka wakf jengo kubwa la nyumba za kupanga, na waliokaa humo ni Mayahudi maskini, watu ambao asili yao walifukuzwa Hispania. Wao walipata paa, na wakf ilipata kodi. Hivyo ndivyo ilivyo wema uliopangwa vizuri: mtoaji na mpokeaji wote hunyanyuka.

JAMBO LA KHITILAFU

Hapa, ndugu Msomaji, sitaki nikufiche. Husrev-beg hakuweka wakf majengo na ardhi tu, aliweka na fedha taslimu. Fedha hizo zilikopeshwa wafanya biashara, na ziada yake ikatumiwa katika kazi za wakf. Desturi hii ilienea sana katika dola ya Kituruki, na wanazuoni wakakhitilafiana juu yake kwa ukali. Ebussuud Efendi, aliyekuwa Shaykhul-Islam tangu 1545 mpaka 1574, aliijuzisha, akiona kwamba watu wameizoea na kuivunja kutabomoa misikiti na vyuo vingi. Sheikh Birgivi, aliyefariki mwaka 1573, aliipinga na akaandika dhidi yake, akiogopa kwamba mlango wa wakf usije ukawa mlango wa riba. Sisi tulio katika madhehebu ya Imamu Shafi, wanazuoni wetu kwa jumla hawakukubali wakf ya sarafu, kwa kuwa fedha haitumiki ila kwa kuondoka mkononi, na wakf inataka kitu kibakie.

Nimelitaja hili kwa sababu mbili. Kwanza, nia njema haimwondolei mtu haja ya kuuliza sharia. Pili, kilichoifanya wakf ya Sarajevo idumu si ile fedha. Sarafu zilishuka thamani, watawala wakabadilika, fedha za zama zile leo ni vitu vya kuwekwa katika makumbusho. Lakini duka la mawe bado ni duka, na ardhi bado ni ardhi.

MITIHANI

Usidhani kwamba wakf hiyo ilipita njia ya maua. Mwaka 1697 jeshi la Austria chini ya Mwanamfalme Eugene wa Savoy liliingia Sarajevo na kuutia moto mji. Msikiti na masoko viliumia, vikatengenezwa. Mwaka 1878 nchi ikachukuliwa na Austria-Hungaria. Mwaka 1879 moto mkubwa ukaunguza sehemu ya mji, na Tashlihan haikusimama tena. Magofu yake unaweza kuyaona hata leo ubavuni mwa soko. Watawala wapya wakataka kuzishika wakf mikononi mwao. Waislamu wa Bosnia wakashindana nao miaka mingi kwa maombi na kwa hoja, mpaka mwaka 1909 wakapata sheria ya kujiendeshea wenyewe mambo yao ya dini, wakf na elimu.

Baada ya mwaka 1945 ikaja serikali ya Kikomunisti, ikatwaa ardhi, na kwa sheria ya mwaka 1958 ikatwaa majengo mengi ya kupangisha. Hapo shina lenyewe ndilo lililokatwa, na mali nyingi za wakf mpaka leo hazijarudishwa. Hata hivyo madrasa ya Husrev-beg iliendelea kusomesha. Kisha ikaja vita ya 1992 mpaka 1995 na mji ukazingirwa. Mwezi wa Mei 1992 Taasisi ya Elimu za Mashariki iliteketezwa kwa mizinga pamoja na maelfu ya hati za mkono, na mwezi wa Agosti ikaungua Maktaba ya Taifa. Lakini vitabu vya Husrev-beg viliokoka. Watu wa maktaba walivihamisha kutoka mahali mpaka mahali chini ya risasi, wakivibeba kama mtu anavyombeba mtoto wake. Mwezi wa Januari 2014 maktaba hiyo ilifunguliwa upya katika jengo jipya lililojengwa kwa msaada wa Qatar.

Kwa nini watu wale walihatarisha roho zao kwa ajili ya karatasi? Kwa sababu waliijua kuwa ni amana. Kila mtu mjini alikuwa amekunywa maji yake, au amesoma katika chuo chake, au baba yake alipanga duka lake. Mali ambayo watu wameonja matunda yake, watu huilinda.

NA SISI JE?

Sisi pia watu wa wakf. Kutoka Lamu mpaka Kilwa, Mombasa na Zanzibar, wazee wetu waliweka wakf nyumba, minazi, visima na mashamba. Kenya ilitungiwa sheria ya wakf mwaka 1951, na Zanzibar iko Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Kwa hivyo hatukosi sheria. Tunalokosa ni mambo matatu waliyokuwa nayo wale wenzetu.

La kwanza ni kukilisha kinachokula. Mtu wetu akipata mali hujenga msikiti, na hilo ni jambo la kheri kubwa. Lakini mara nyingi hujenga msikiti peke yake. Akifa, imamu huishi kwa michango ya Ijumaa, na kila taa ikikatika hupitishwa bakuli. Lau angejenga msikiti mdogo zaidi kidogo, na kwa fedha zilizobakia akajenga maduka manne mbele yake, msikiti ungejitegemea, na vijana wanne wangepata pa kuanzia biashara.

La pili ni matengenezo. Wanazuoni wameeleza kwamba mapato ya wakf kwanza yaitengeneze wakf yenyewe, ndipo wapewe wenye haki zao. Sisi hugeuza. Chukua mfano wa bibi aliyeweka nyumba yake wakf kwa mafuta ya taa za msikiti. Mpangaji analipa kodi iliyokatwa zama za baba yake, haijapandishwa kwa kuoneana haya, na yeye amewapangishia wengine kwa bei ya leo. Ukuta ukaanza ufa, tukautazama. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi hatukuziba wala hatutajenga, kwa kuwa hiyo kodi haitoshi hata mfuko wa saruji. Nani aliyemdhulumu bibi yule? Si mwizi wa usiku. Ni sisi tuliokuwa tukipita mbele ya nyumba ile kila siku kwenda kusali.

La tatu ni daftari. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Isa-beg na Husrev-beg waliandika kila kitu: mpaka wa ardhi, kazi ya kila mtumishi, jina la msimamizi, na mbele ya mashahidi.  Kwetu wakf ngapi zilikuwa katika kichwa cha mzee mmoja, naye alipozikwa zikazikwa pamoja naye? Na msimamizi akiwa ni mtu mwema hachukii kuulizwa hesabu, kwani hesabu ndiyo inayomtakasa. Anayechukia ni yule anayechovya chovya, na buyu la asali humalizwa hivyo hivyo.

Wala usiseme, mimi si liwali wala mjukuu wa Sultani. Mtaa mmoja wenye watu ishirini wakishirikiana kununua chumba kimoja cha duka, wakakiandika, wakaweka wasimamizi watatu wanaosoma hesabu zao hadharani kila mwaka, wameanza. Kodi ya duka hilo inaweza kumlipia ada mtoto yatima akasoma ufundi, na fundi huyo kesho akapanga duka la pili. Sarajevo nayo ilianza na daraja na mashine za kusagia.

Basi leo jioni, ukitoka kusali, itazame nyumba ya wakf iliyo karibu nawe. Uliza: hati yake iko wapi, kodi yake ni ngapi, na paa lake lilitengenezwa lini? Ukipata majibu, mshukuru msimamizi na umwombee. Usipoyapata, basi ujue kwamba kuna marehemu ambaye sadaka yake imezuiliwa njiani, na wewe ni mmoja wa wanaoweza kuifungulia njia.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia kwa kheri, azihifadhi amana walizotuachia, na atujaalie sisi kuwa wenye kuzitunza, wala si wenye kuzila. Amin.